Kamera za filamu zingali na funzo kwa kizazi cha simu

MWEZI Desemba mwaka wa 1992, mjomba aliniazima kamera yake aina ya Pentax K1000 ili niwapige jamaa picha katika arusi ya dada yangu kijijini. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu wakati huo, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu kuhusu sanaa hiyo, nilijiona fundi aliyehitimu.

Nilipiga picha kutwa nzima. Nilimpiga bibi arusi akitoka nyumbani, wazee wakisalimiana, watoto wakigombania soda. Zaidi ya yote, nilimpiga nyanya yangu mzaa mama akiwa ameketi kwenye kigoda chini ya mparachichi, amejitanda leso mpya, akicheka. Hakuwa mtu wa kucheka mbele ya kamera.

Jambo moja lilipaswa kunishtua. Hata baada ya picha ya 36, wenzo wa kuvutia filamu uliendelea kusogea bila kukwama. Nilidhani kwamba kiwanda kilikuwa kimenipunja kwa kunipa zaidi, nikashukuru.

Juma lililofuata, fundi wa studio mjini aliniita kando. “Kijana, filamu hii haikutembea,” akaniambia kwa upole. “Haina kitu.” Ncha ya filamu ilikuwa imechomoka kwenye gurudumu la kuivuta hata kabla ya picha ya kwanza. Nilikuwa nimebonyeza kamera siku nzima ilhali filamu imetulia mkebeni mwake.

Nyanya alifariki mwezi Machi mwaka uliofuata. Picha pekee aliyotuachia ni ile ya kitambulisho, na ndani yake hacheki.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu kamera za sampuli hiyo zimeanza kurejea mikononi mwa vijana, wengi wao wakiwa hawajawahi kuona filamu ikiingizwa ndani ya kamera. Yamkini wengi watatumbukia katika shimo nililotumbukia mimi, iwapo wakongwe hawatawaambia lilipo.

Ni miaka michache tu iliyopita ambapo filamu ilidhaniwa imekufa. Kampuni ya Kodak, iliyotawala biashara hiyo kwa zaidi ya karne moja, iliwasilisha ombi la kulindwa dhidi ya wadai wake mwezi Januari 2012. Ajabu ni kwamba teknolojia iliyoipiga kumbo ilikuwa imezaliwa nyumbani mwake, kwani kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa na mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, mwaka wa 1975.

Hata hivyo, maiti huyo alifufuka. Mwaka wa 2018 Kodak ilirejesha sokoni filamu ya Ektachrome iliyokuwa imesitishwa, na mwaka wa 2024 kampuni inayotengeneza kamera za Pentax ikatoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17.

Je, ni kitu gani kinachomvuta mtu mwenye simu inayoweza kupiga maelfu ya picha bila gharama aende kutafuta kamera inayopiga 36 pekee? Wapo wanaofuata mtindo tu. Lakini ipo sababu nzito zaidi. Kamera ya filamu humlazimu mpigaji kuamua kabla ya kubonyeza, kisha humwachia kitu cha kushikika ambacho kinaweza kuwaondokea wote waliomo. Faida hizo mbili haziji bure. Hudai ujuzi, na ndio tunaokusudia kuueleza hapa.

Kilichomo ndani ya kamera

Ukiivua kamera ya filamu madoido yake, utabaki na kisanduku cheusi kisichopenya mwangaza. Mbele kuna lenzi, nyuma kuna filamu, na katikati kuna kilango kidogo kiitwacho shata, ambacho hufunguka kwa muda mfupi mno na kufungika tena.

Filamu yenyewe ni utepe wa plastiki uliopakwa utando wa jelatini wenye chembechembe za chumvi ya madini ya fedha. Mwangaza ukizigusa, chembechembe hizo hubadilika kwa namna isiyoonekana kwa macho. Picha huwa tayari imo, lakini imejificha, na itabaki hivyo hadi itakapokutana na dawa.

Ukubwa wa filamu uliozoeleka zaidi ni ule wa milimita 35, ambapo kila picha huwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kipimo hiki kilienezwa na kamera ya Leica, iliyobuniwa na Mjerumani Oskar Barnack na kuingia sokoni mwaka wa 1925. Mkebe mdogo wa chuma tunaoujua leo, ambao huingizwa kamerani ukiwa tayari umejaa filamu, uliletwa na Kodak mwaka wa 1934.

Kwa mintarafu ya gharama, idadi hiyo ya picha 24 au 36 kwa mkebe ndiyo iliyojenga tabia za wapiga picha wa zamani. Waliokuwa wakifanya kazi katika bustani ya Uhuru Park au karibu na jumba la KICC jijini Nairobi hawakumpiga mteja mara kumi ili achague. Walimsimamisha, wakamgeuza bega, wakamwambia ainue kidevu, ndipo wakabonyeza mara moja. Kila mbonyezo wa ziada ulikuwa umekula faida.

Mambo matatu ya kusawazisha

Picha nzuri ya filamu ni matokeo ya mambo matatu yanayopatana. La kwanza ni wepesi wa filamu kuhisi mwangaza, ambao huandikwa kwenye mkebe kwa nambari kama vile 100, 200 au 400. Nambari ikiwa kubwa, filamu huhitaji mwangaza mchache, lakini aghalabu picha huwa na punje punje zaidi.

La pili ni tundu la lenzi. Hili huandikwa kwenye pete ya lenzi kwa nambari kama 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Wanaoanza huchanganyikiwa hapa, kwa sababu nambari ndogo ndiyo yenye tundu kubwa. Kila ukishuka hatua moja, mathalan kutoka 11 hadi 8, mwangaza unaoingia huongezeka maradufu.

La tatu ni kasi ya shata, inayopimwa kwa visehemu vya sekunde. Ukiona 250 kwenye kamera, fahamu kuwa ni sehemu moja ya 250 ya sekunde. Ukiishika kamera kwa mkono ikiwa na lenzi ya kawaida ya milimita 50, usishuke chini ya 60, kwani hapo hata pumzi yako hutikisa picha.

Kunayo kanuni moja rahisi iliyowaokoa wapiga picha wengi ambao kamera zao hazikuwa na kipimamwangaza. Jua likiwa kali na mbingu zikiwa wazi, weka tundu kwenye 16, kisha uchague kasi ya shata inayokaribiana zaidi na nambari ya filamu. Ikiwa filamu ni ya 400, weka 500. Ikiwa ni ya 200, weka 250. Mawingu mepesi yakitanda, fungua tundu hadi 11. Yakiwa mazito, nenda 8. Chini ya kivuli cha mwembe au barazani, fungua hadi 5.6 au 4.

Kanuni hiyo huafiki sana mazingira yetu ambako jua halina simile. Hata hivyo, jua la saa sita katika nchi iliyopitiwa na ikweta humulika utosi na kuyaacha macho gizani. Usimpige mtu wakati huo isipokuwa umemtafutia kivuli. Wakati mwafaka ni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri.

Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe

Suala hili ni nyeti na wenye vitabu vya kigeni walilipuuza kwa muda mrefu.

Kipimamwangaza kilichomo ndani ya kamera hakijui kilicho mbele yake. Kimeundwa kudhani kuwa mandhari yoyote, ukichanganya weusi na weupe wake wote, hutoa rangi ya kijivu cha wastani. Msimamishe Mwafrika mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, nacho kitaona weupe mwingi, kitakushauri upunguze mwangaza, na uso wa mtu wako utatoka kama doa la wino lenye meno.

Tatizo hilo halikuishia kwenye kamera. Kwa miongo kadhaa, maabara za kuchapisha picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizofahamika kama kadi za Shirley. Ngozi ya mwanamke huyo ndiyo iliyokuwa mizani, na rangi nyinginezo zilijitafutia njia. Baada ya muda kampuni zilirekebisha filamu na kadi zao, lakini albamu nyingi katika nyumba zetu zingali na ushahidi.

Tiba yake ni nyepesi. Msogelee unayempiga hadi uso wake ujae kwenye kitazamio, upime mwangaza hapo, uweke vipimo vyako, kisha urudi nyuma na kupiga bila kuvibadilisha, hata kama mshale wa kipimamwangaza utalalamika. Huenda uso ukang’aa kidogo kuliko ulivyo. Usijali. Filamu ya negativu huvumilia ziada ya mwangaza kuliko upungufu wake. Kilichokosa mwangaza hakikuandikwa, na hakuna fundi anayeweza kukisoma.

Kukagua na kuingiza filamu

Kamera nyingi za zamani zilizo mitaani zina umri wa miaka 40 au zaidi. Pentax K1000, kwa mfano, ilitengenezwa kati ya mwaka wa 1976 na 1997. Sifa yake ni kwamba mitambo yake haitegemei umeme. Betri ndogo iliyomo ni ya kipimamwangaza tu, na ikiisha, kamera huendelea kupiga.

Kabla ya kuinunua au kuitoa kwenye sanduku la babu, ifungue mgongo na kuikagua. Chungulia ndani ya lenzi ukielekea mwangaza. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, huo ni ukungu, adui mkubwa wa lenzi zilizohifadhiwa penye unyevunyevu, hususan katika miji ya Pwani. Gusa sponji nyeusi zilizo kwenye kingo za mlango. Zikiwa zimeyeyuka na kunata, mwangaza utapenya na kuunguza filamu, na ni sharti zibadilishwe. Bonyeza shata katika kasi ya sekunde moja na usikilize. Ikisuasua au kukwama, mafuta yake yameganda.

Aidha, baadhi ya kamera za miaka ya 1960 na 1970 ziliundwa kutumia betri za zebaki za volti 1.35, ambazo haziuzwi tena kwa sababu ya sumu yake. Ukiweka betri ya kisasa ya volti 1.5, kipimamwangaza kinaweza kukudanganya.

Sasa tufike pale nilipoteleza. Ingiza filamu ukiwa kivulini. Chomeka ncha yake katika ufa wa gurudumu la kuivuta, uvute wenzo hadi meno ya kamera yashike vijitundu vya pande zote mbili za filamu, ndipo ufunge mlango. Kisha zungusha polepole kitasa cha kurudishia filamu, kilicho upande wa kushoto juu ya kamera, hadi uhisi filamu imekazana. Kuanzia hapo, kila unapovuta wenzo, kitazame kitasa hicho. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, unapiga hewa.

Laiti ningekitazama mara moja siku ile.

Picha zikiisha, usifungue mlango. Bonyeza kifungo kidogo kilicho chini ya kamera, uzungushe kitasa hadi uhisi kimelegea ghafla. Hapo filamu yote huwa imerudi mkebeni. Wapo waliofungua kabla ya wakati wakachoma matukio ya siku nzima kwa sekunde moja. Nao wanaosafiri kwa ndege wabebe filamu mkononi na kuomba ikaguliwe kwa macho, kwa sababu miale ya mitambo ya ukaguzi, hasa ile ya mizigo mikubwa, huiharibu.

Kusafisha picha

Maabara zinazosafisha filamu nchini sasa ni chache, na hivyo baadhi ya wapenzi wa sanaa hii husafisha wenyewe nyumbani. Filamu za rangi zina masharti makali, kwani dawa zake huhitaji joto la takriban nyuzi 38 bila kuyumba. Za rangi nyeusi na nyeupe ni za kustahimilika.

Filamu hutolewa mkebeni katika giza totoro. Taa nyekundu tunayoiona kwenye sinema ni ya kuchapishia picha kwenye karatasi, wala si ya filamu. Huko gizani, filamu huviringwa kwenye kigurudumu na kutiwa ndani ya kopo lisilopenya mwangaza, na baada ya hapo kazi iliyobaki inaweza kufanyiwa mezani.

Dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizoguswa na mwangaza kuwa fedha halisi, nyeusi. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, kutegemea filamu na dawa, katika joto la nyuzi 20. Maji ya mfereji ya Nairobi aghalabu hayako mbali na kiwango hicho, lakini mkazi wa Mombasa au Kisumu atahitaji barafu, la sivyo dawa itakwenda mbio kuliko saa yake. Dawa ya pili huikomesha ya kwanza. Ya tatu, iitwayo fiksa, huondoa chembe zote ambazo hazikuguswa na mwangaza, na hapo ndipo filamu inapoweza kutazamwa bila kuungua. Hatimaye filamu huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa mahali pasipo vumbi.

Fiksa iliyokwisha kutumika huwa imebeba madini ya fedha. Isimwagwe mtoni wala karibu na kisima.

Nilipojiunga na kazi ya uhariri katikati ya miaka ya 1990, chumba cha giza kilikuwa hatua chache kutoka kwenye meza zetu. Mpiga picha angerejea kutoka mkutano wa hadhara jasho likimtiririka, aingie humo, na baada ya muda atoke na karatasi yenye vipicha vyote 36, kila kimoja kikitoshana na stempu. Tuliviinamia kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi tulimaliza kuchagua upesi, kwa sababu mwenye kamera alikuwa amekwisha kuchagua kule uwanjani.

Akiba haiozi

Zao la kazi yote hiyo ni negativu, kijitepe ambacho weusi wake ndio weupe wa picha. Watu wengi huithamini picha ya karatasi na kuitupa negativu. Huko ni kuhifadhi uji na kutupa unga, maadamu kutokana na negativu moja mtu anaweza kuchapisha nakala nyingi atakavyo.

Mfano mzuri ni wa Priya Ramrakha, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1935. Alinasa harakati za uhuru katika nchi nyingi za Afrika, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufanyia kazi majarida ya Time na Life, na akauawa kwa risasi mwaka wa 1968 alipokuwa akiripoti vita vya Biafra nchini Nigeria. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yake haikujulikana ilipo. Hatimaye jamaa yake aliyeitafuta aliipata kwenye gereji jijini Nairobi. Hakuna aliyehitaji nywila wala chaja ili kuifungua. Aliyeinua negativu kuelekea dirishani aliona watu na sura zao.

Tunaweza kusema hivyo kuhusu picha zilizomo kwenye simu zetu? Simu huibwa, hutumbukia majini, hubadilishwa. Picha elfu kumi hupotea pamoja nayo, na mwenyewe hakumbuki hata zilikuwa za nini. Sisemi kwamba watu wazitupe simu. Ninachosema ni kuwa wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa minajili hiyo, hata asiyenuia kushika kamera ya filamu ana kazi ya kufanya. Studio nyingi za zamani zimefungwa, na wazee waliohifadhi bahasha za negativu chini ya vitanda wanaendelea kututoka. Kabla ya kuchoma takataka za marehemu, fungua kila bahasha. Negativu ukizipata, zishike kwa kingo zake, uzitie kwenye karatasi safi, na uziweke mahali pakavu penye baridi. Ukitaka kuzitazama, ziweke juu ya kioo chenye mwanga mweupe, uzipige picha kwa simu hiyo hiyo, na ugeuze rangi kwa programu ya kuhariri.

Kisha umwite mzee aliyebaki katika ukoo, umuulize waliomo ni akina nani, ilikuwa wapi na mwaka gani. Yaandike majibu yake kwa penseli laini nyuma ya picha au juu ya bahasha. Negativu inaweza kukaa miaka mia moja, lakini haiwezi kukutajia jina la mtu.

Nami kamera ya mjomba ningali nayo. Hutia filamu mbili kwa mwaka, nikawapiga waliobaki, mmoja mmoja, huku jicho langu moja likiwa kwenye kitasa cha kushoto.